Ule mpungate wa mchangani ni upi khasa? Namna ya kuutambua kabla hujauita jina

Kuna picha haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Unguja na Pemba. Mmea wa miba umekaa juu ya tuta la mchanga karibu na bahari, mabapa ya kijani yamepandana, maua ya njano, matunda ya zambarau, halafu mtu anauliza jamani hichi kitu kinaitwaje na kinalika? Majibu yanakuja mengi kuliko picha yenyewe, huyu anasema ni mnyaa, yule anasema ni shubiri, mwengine anasema usiguse ni sumu, mwengine anasema chemsha unywe ni dawa ya sukari, na aliyeupitisha kwenye programu ya simu anarudi na jina la Kilatini ambalo mwenzake kwa picha ile ile kapata jengine kabisa. Mie mimea ya ufukweni naipenda mno na nadhani suala hili linataka jibu la kutulia, mana jina likikosewa hapa kuna mtu atakula kitu asichokijua, au atakata vibaya na badala ya kuumaliza akaueneza pwani nzima.

Tuanze chini kabisa. Dungusi kakati, au kaktasi kama wengi wanavosema siku hizi, ni ukoo mzima wa mimea yenye kuweka maji mwilini na miba nje. Mpungate ni tawi moja tu la ukoo huo, lile lenye mwili wa mabapa yaliyopandana moja juu ya jengine, na jina lake la kitaalamu ni Opuntia. Ndani ya Opuntia kuna aina nyingi, zaidi ya mia, na hapo ndipo mzozo unapoanza kwa sababu nyingi zinafanana ukiziangalia kwa mbali.

Lile bapa watu wanaliita jani lakini sio jani, ni shina. Majani ya kweli ya mpungate unayaona kwenye bapa changa tu, vijani vidogo vya ncha vimesimama juu yake, na baada ya muda mfupi vinadondoka. Kazi zote za jani, yaani kutumia jua kutengeneza chakula, zinafanywa na shina, na mpungate una tabia ya kufungua matundu yake ya kupumulia usiku, sio mchana, ili maji yasipotee kwenye jua kali. Ndo mana unaweza kukaa juu ya mchanga mtupu unaowaka moto, na upepo wa chumvi unaupiga kaskazi na kusi, na bado ukawa kijani wakati majani mengine yote yamekauka.

Sasa ukiangalia bapa utaona vidoa vimepangika kwa mistari, kila kidoa kama kina usufi kidogo ndani. Kikumbuke kidoa hicho, ndo kitambulisho cha dungusi yoyote duniani. Kwenye kidoa ndo inatokea miba mikubwa, ndo linatokea ua, ndo linatokea bapa jipya, na ndo vinatokea vile vimiba vidogo mno ambavyo macho yanaweza yasivione lakini mkono utavijua. Mmea hauna vidoa? Basi sio dungusi, hata uwe na miba kiasi gani.

Hapa ndo tunamalizana na suala la mnyaa. Mnyaa na ndugu zake ni ukoo mwengine kabisa, wa Euphorbia, ukivunja tawi yanatoka maziwa meupe. Mpungate ukiukata unatoa ute wa kunata usio na rangi, hautoi maziwa. Tofauti hii sio ya wanachuoni peke yao, mana maziwa ya mnyaa yakikuingia machoni ni balaa, yanaunguza na yanaweza kuharibu jicho, kwahio mtu asije akavunja mmea asioujua na uso kauinamisha juu yake kwa kuwa kaambiwa mtandaoni ni mpungate tu huo hauna neno. Shubiri nayo ni mbali zaidi, miba yake iko kwenye kingo za jani na yale ni majani kweli, yamekusanyika pamoja yakitokea chini.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba hakuna mpungate wa asili ya huku kwetu. Ukoo wote wa dungusi asili yake ni Marekani, ya kaskazini, ya kati na ya kusini, isipokuwa aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoning'inia kwenye miti misituni na haina sura ya mpungate hata kidogo, hiyo ndo imekutwa Afrika, Madagascar na Sri Lanka bila ya kuletwa na mtu. Mipungate mingine yote imevuka bahari na watu, ilianza kutoka Marekani na meli za Wazungu kuanzia karne ya 16, wengine waliibeba kwa ajili ya tunda, wengine kwa ajili ya ua wa miba wa kuzuia ng'ombe, wengine kwa ajili ya vidudu vya rangi nyekundu ambavyo nitavieleza. Visiwa vyetu vimezowea wageni wa namna hii, karafuu yenyewe ililetwa, na kunguru huyu anayetuibia samaki aliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890. Kwahio nikisema mgeni simaanishi adui, ila mgeni inabidi ujue katokea wapi, mana kule kwao ana wadudu wanaomla na huku kwetu hana.

Haya, tuje kwenye mchanga wenyewe. Ukikuta mpungate juu ya tuta la mchanga wa pwani, pale ambapo kawaida unategemea mlakasa umetambaa, mkadi umesimama na mvinje nyuma yake, wa kwanza kuufikiria ni Opuntia stricta, mana huu ndo mpungate wa pwani khasa. Kwao ni visiwa vya Karibea, Florida, pwani ya Mexico na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na huko huko kwao unakaa kwenye mchanga na kwenye mawe ya pwani, kwahio hali ya mchanga na maweni yetu hauioni ngeni. Sio mti, ni kichaka, mara nyingi unaishia kiunoni au kifuani mwa mtu na unapenda kutambaa pembeni kuliko kupanda juu. Mabapa yake ni ya yai, membamba chini mapana juu, sentimita 10 mpaka 25 hivi au zaidi kidogo, rangi kijani iliyoingia ubuluu au ukijivu na haina mng'aro. Ua la njano limau. Tunda la zambarau iliyoiva, limekonda kuelekea chini na juu limebonyea, na ukilipasua ndani pia zambarau, juisi yake inatia doa nguo haitoki.

Watu wanapogombana zaidi ni miba, na wote wanakuwa na haki. Mmoja kaona mpungate wa pwani hauna miba, au una mmoja mmoja pembezoni mwa bapa. Mwengine kaona umejaa miba ya njano, kila kidoa kina miwili, mitano au zaidi, miba mipana iliyobapa sio ya mviringo, na imepinda kidogo. Wa kwanza ndo stricta wa kawaida. Wa pili unaitwa dillenii, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama ni aina yake peke yake au ni namna tu ya stricta. Fikiria embe, dodo na bolibo hakuna anayesema ni miti ya jamii mbili, ni embe zote lakini ukipewa moja badala ya nyengine unajua. Wapo wanaoiona tofauti ya stricta na dillenii kama hiyo, akiwemo Lyman Benson, Mmarekani aliyeandika sana juu ya dungusi na mwaka 1969 akauweka dillenii chini ya stricta, na wapo wanaosema hapana, hii ni mimea miwili. Jina la dillenii lilitolewa mwaka 1818 kumuenzi Johann Jacob Dillenius, Mjerumani aliyekuwa profesa wa mimea Oxford, mana yeye aliuchora na kuueleza tokea 1732, kwahio ugomvi huu ni wa zamani sana na hautaisha kwenye grupu la mtaa. Ukiandika Opuntia stricta na ukaongeza kwamba una miba mingi ya njano iliyobapa, kila mtaalamu atakuelewa unazungumzia upi. Kwa maoni yangu hiyo inatosha kabisa.

Sasa miba peke yake isikudanganye, mana mpungate ule ule ukiwa kivulini unaweza kutoa miba michache na ukiwa juani ukatoa mingi, na miba ya njano ikizeeka inakuwa ya kahawia au kijivu. Ua nalo linadanganya kwa namna yake, linafunguka mchana wa siku moja, likianza kunyauka njano inageuka ya chungwa, basi aliyepita asubuhi na aliyepita kesho yake watakuapia kila mtu na rangi yake. Ndo mana nasema usiamue kwa kitu kimoja.

Wale wanaochanganywa na mpungate wa pwani ni hawa. Wa kwanza Opuntia monacantha, kwao Brazil mpaka Uruguay na Argentina, na huu umeenea Afrika Mashariki kwa kupandwa kama ua wa kuzungushia. Huu una shina kama mti, unaweza kumpita mtu mara mbili kwa urefu, mabapa yake ni membamba, kijani cha kung'aa kama kimepakwa mafuta, na yale ya juu yananing'inia. Kidoa kinatoa mwiba mmoja, au miwili, mrefu wa mviringo, lakini shina la chini limejaa miba mingi. Ua ni njano lenye michirizi myekundu kwa nje. Ukiona bapa linang'aa na linaning'inia achana na stricta moja kwa moja.

Wa pili ni Opuntia ficus-indica, huu ndo mpungate wa matunda unaolimwa, asili yake Mexico, na ukisikia mtu kala tunda la mpungate sokoni Tunisia, Sicilia au Tigray kule Ethiopia basi mara nyingi ni huu. Ni mti mkubwa, bapa lake moja linafika sentimita 40 au 60, na wengi wanaopandwa hawana miba mikubwa kwa sababu wakulima wamechagua hivo kwa karne nyingi. Mtu akiona stricta hana miba anasema aa huu ni ule wa kulimwa. Pima bapa na angalia kama kuna shina la mti, utajua.

Kwenye mabustani ya mahoteli unaweza pia kukutana na Opuntia cochenillifera, mabapa membamba marefu laini, na ua lake ni jekundu na halifunguki likawa pana, linabaki limefumba na vijiti vya chavua vinachomoza juu. Ua jekundu lililofumba namna hiyo sio la mpungate wa pwani kabisa. Na wapo elatior, wenye vijiti vya chavua vyekundu ndani ya ua na miba ya kahawia, na engelmannii wenye miba meupe, huu wa mwisho ni wa nchi kavu za bara kama Laikipia kule Kenya, sitegemei kuukuta Paje wala Makangale.

Kuhusu programu za simu, mie sizipingi, ni msaada mzuri. Lakini programu inalinganisha picha yako na picha ilizonazo, na picha nyingi za mipungate zimepigwa Marekani kwa kuwa ndiko ilikojaa, kwahio unaweza kuletewa jina kama Opuntia littoralis kwa sababu tu nao unakaa karibu na bahari, wakati ule ni wa kusini mwa California na Baja California na hauna sababu ya kuwepo Jambiani. Programu ikikupa jina, soma huo mmea kwao ni wapi na je umewahi kusafirishwa. Na ipe programu picha za maana. Picha moja ya mmea mzima ili ionekane ni kichaka au mti, moja ya bapa na rula pembeni au hata sarafu, moja ya karibu sana ya kidoa kimoja ili miba ihesabike na ionekane imebapa au ya mviringo, ua likiwa wazi ikiwezekana kutokea juu, na tunda limepasuliwa katikati. Picha ya machweo yenye mpungate mweusi mbele ni nzuri ya kutia stetasi lakini hakuna anayeweza kukutajia aina kwa hiyo. Hata wataalamu wanapata tabu na mipungate, mana mimea mengine inabanwa kwenye karatasi ikakauka na kuhifadhiwa miaka na miaka, mpungate umejaa maji na miba, haubaniki vizuri, ndo mana kwenye hazina za mimea vielelezo vyake huwa vichache na vibovu.

Kwani jina lina faida gani, si wote ni miba tu? Faida yake ni kubwa na historia ipo. Mwaka 1795 Waingereza walipeleka India kidudu walichodhani ndo kile cha thamani cha kutoa rangi nyekundu, ambacho kinaishi juu ya mipungate na kinajifunika kitu cheupe kama pamba. Wakakosea, walichochukua kilikuwa jamaa yake mwengine, rangi yake hafifu, lakini kilikula na kuimaliza mipungate ya monacantha kwenye maeneo makubwa. Mipungate ya dillenii ya hapo hapo jirani hakikuigusa. Ikabidi mpaka miaka ya 1920 ndo kikaletwa kidudu chengine, Dactylopius opuntiae, kupitia Sri Lanka, ndo dillenii nao ukaanza kupungua. Mtu aliyeshindwa kutofautisha mipungate miwili hii angesubiri miaka mia akishangaa kwa nini kidudu hakifanyi kazi. Na mpaka leo ni hivo hivo, kidudu kilichopelekwa Laikipia kupambana na stricta kimechaguliwa kwa ajili ya stricta, ukikiweka kwenye mpungate wa aina nyengine kinaweza kufa njaa juu yake.

Australia ndo waliona moto zaidi. Mipungate ya mwanzo ilifika na meli za 1788, baadae stricta ukaingia na kufikia miaka ya 1920 mipungate ilikuwa imefunika takriban hekta milioni 24, watu wanahama mashamba yao wanayaacha. Kilichowaokoa ni nondo kutoka Argentina anaitwa Cactoblastis cactorum, funza wake wanaingia ndani ya bapa wanalila lote likabaki ganda, na wakaazi wa Boonarga, Queensland, wakajenga ukumbi wa kumshukuru nondo huyo. Siandiki haya kumtisha mtu kwamba Unguja yote itakuwa miba kesho, nasema mmea huu una uwezo huo na pwani yetu ni nyembamba.

Ukiona kwenye bapa kuna vitu vyeupe kama pamba wengi wanasema ni ukungu au ni ugonjwa. Chukua kijiti kiponde, kikitoa wekundu kama damu basi sio ukungu, ni jamaa wa hao hao vidudu wa rangi.

Miba kuwa na sumu sio kweli. Kinachowasha ni vile vimiba vidogo vya kwenye kidoa, vina vindoano kwa hivo vikiingia kwenye ngozi havitaki kutoka, na ukisugua unavivunja ndani ndo uchungu unazidi. Usisugue wala usitie mdomoni, bandika selotepu uivute, na vilivyobaki toa na kibano kwenye mwanga mzuri, kikiingia jichoni nenda hospitali moja kwa moja. Tunda la stricta lenyewe halina sumu, linalika, shida ni vimiba hivo hivo vimejaa kwenye ganda lake na mbegu ni nyingi ngumu. Wanyama hawajui kumenya, na wafugaji wa Laikipia wameona mbuzi na kondoo wanaokula matunda haya wakijeruhika ulimi, fizi na mpaka matumboni, kwahio mwenye mbuzi wa kufungulia pwani aangalie wanakwenda wapi. Na hili la dawa ya sukari, ni kweli mabapa ya mpungate wa kulimwa yamefanyiwa utafiti na kuna majaribio yaliyoonesha sukari inapanda taratibu zaidi baada ya kula, lakini hiyo ni ficus-indica na sio kichaka cha ufukweni ulichokiona kwenye picha, na hakuna daktari aliyesema uache vidonge vyako. Nawaomba sana wazee wetu wenye sukari wasijaribu.

Wengine wanasema tuupande, utazuia bahari isile ardhi. Mimi sikubaliani. Mizizi ya mpungate haiendi chini sana, na bapa linalodondoka bamvua kubwa likija linachukuliwa na maji na kutupwa mbele, huko linaota. Mlakasa unafanya kazi hiyo ya kushika mchanga bila kumchoma mtoto mguu, na mkadi na miti mengine ya pwani ipo tokea zamani.

Na kama unao nyuma ya nyumba na unataka kuutoa, usiufyeke na panga ukaacha vipande. Kila kipande chenye kidoa kinaweza kutoa mizizi, hata kikikaa wiki nyingi juani hakijafa, kwahio ukikata kimoja vipande ishirini umejipandia ishirini. Ung'oe na mizizi, vaa glavu nene na viatu, tumia koleo badala ya mikono, kusanya kila bapa na kila tunda, halafu uvifukie shimo refu au uvianike juu ya saruji au bati mpaka vikauke kabisa ndo uchome. Rudi uangalie tena mvua za masika zikianza, mana vilivyobaki ndo hapo vinachipua, na ndege wakishakula tunda mbegu zinakwenda mbali na ulipokuwa mmea. Na ukipewa bapa la zawadi kwa ajili ya bustani, ukaambiwa huu hauna miba usiogope, uliza kwanza ni upi, mana mbegu za mpungate usio na miba zinaweza kuotesha watoto wenye miba.